Kununua Nyumba ya Pili ya Familia Dar es Salaam: Anza na Yale ambayo Fundi Hawezi Kuyabadili

Familia nyingi za hapa Dar es Salaam hazikununua nyumba yao ya kwanza. Zilijenga, tena kidogo kidogo, kwa miaka, zikahamia kwenye pagale ambalo halikuwa na dari wala vigae, kisha zikamalizia zikiwa ndani. Ndiyo maana wengi wetu, tunapofika hatua ya kununua nyumba inayofuata, iliyojengwa na mtu mwingine na kukaliwa na mtu mwingine, tunajikuta tunaijua vizuri bei ya saruji na nondo, tunajua namna ya kubishana na fundi, lakini hatujui namna ya kumchunguza muuzaji.

Sisi tulianza kutafuta kwa sababu za kawaida kabisa: watoto wamekua na hawawezi tena kulala chumba kimoja, na mama mkwe alihamia kwetu magoti yakiwa yameanza kumsumbua, katika nyumba ambayo choo chake kimepandishwa ngazi mbili. Tulitafuta Kinyerezi, Goba na Tegeta, tukizungushwa na madalali wa kila aina. Katika mzunguko huo nilifikia msimamo mmoja ambao ndio nitakaoueleza hapa. Rangi, vigae, makabati ya jikoni, hata ukuta wa kugawa chumba, vyote hubadilishwa kwa fedha na muda. Mahali nyumba ilipo, njia ya maji ya mvua, upana wa barabara inayofika getini na historia ya umiliki wake havibadilishwi na fundi yeyote. Kwa hiyo ukaguzi uanze na hayo ya pili, na hayo ya kwanza yabaki kuwa ya kupunguzia bei.

Hata hivyo, kabla ya kuikagua nyumba mpya, kuna nyumba ya zamani. Anayenunua kwa mara ya kwanza hana mzigo huu. Anayenunua kwa mara ya pili anapaswa kuamua mapema kama atauza, atapangisha, au atakopa huku nyumba ya kwanza ikiwa bado mkononi, na uamuzi huo ndio utakaompa bajeti ya kweli. Nimeona watu wakilipa malipo ya awali ya nyumba mpya kwa kutegemea kwamba ile ya zamani itauzika ndani ya mwezi au miwili. Mnunuzi hapatikani, muda ulioandikwa kwenye mkataba unakwisha, na aliyelipa malipo ya awali anabaki akibembeleza asipoteze fedha zake. Nyumba za makazi hapa mjini zinaweza kukaa sokoni muda mrefu, hasa zile ambazo karatasi zake hazijakamilika.

Maoni yangu, ambayo hayapendwi na wakwe wala mashemeji, ni kwamba njia salama kuliko zote ni kuuza kwanza, kupanga kwa miezi kadhaa, kisha kununua ukiwa na fedha kamili benki. Najua maneno yatakayosemwa: mtu alikuwa na kwake, leo amerudi kupanga. Maneno hayo ni mazito kwetu kwa sababu kumiliki nyumba ni alama ya utu uzima, na kurudi kwa mwenye nyumba huonekana kama kuporomoka. Lakini mnunuzi mwenye fedha mkononi hupata punguzo ambalo mnunuzi wa ahadi hawezi kulipata, na zaidi ya hilo, hana haraka. Haraka ndiyo inayowafanya watu waache kwenda ofisi ya ardhi. Tena, ukipanga katika mtaa uleule unaotaka kununua, utaujua kuliko dalali yeyote atakavyokusimulia.

Ukiamua kuuza, anza kuzisafisha karatasi za nyumba yako sasa, kwa sababu mnunuzi mwerevu atakuuliza yaleyale ambayo wewe utamuuliza muuzaji wako. Je, kodi ya pango la ardhi imelipwa hadi mwaka huu? Kama eneo halikuwa limepimwa, je, urasimishaji, yaani kupima na kutoa hati kwa nyumba zilizokwisha kujengwa bila kupimwa, umefika mtaani kwenu, na wewe umechukua hati au umeishia kwenye namba ya kiwanja? Nyumba yenye hati huuzika kwa bei nzuri zaidi kuliko yenye mkataba wa mauziano peke yake, na tena inaweza kukubaliwa na benki ya mnunuzi anayekopa.

Kuhusu mkopo nitasema machache. Riba za mikopo ya nyumba katika benki zetu kwa kawaida ni za tarakimu mbili, ingawa muda wa kulipa umeongezeka tangu ilipoanzishwa Kampuni ya TMRC (Tanzania Mortgage Refinance Company) mwaka 2010 kwa ajili ya kuzipatia benki fedha za muda mrefu, na sasa baadhi ya benki hukopesha hadi miaka 20 au zaidi. Chukua kalamu upige hesabu. Mkopo wa shilingi milioni 80 kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 15 hulipwa takriban shilingi milioni 1.12 kila mwezi, na hadi kuumaliza utakuwa umelipa zaidi ya milioni 201. Kama ada za shule na matibabu ya mzee vinategemea mshahara huohuo, mkopo unaofaa ni ule wa kuziba pengo dogo kati ya bei ya nyumba ya zamani na ya mpya, si ule wa kubeba nyumba nzima.

Sasa tuje kwenye mahali. Nyumba ikaguliwe wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, au angalau wakati wa vuli. Januari kila nyumba ya Dar es Salaam ni nzuri. Kuna nyumba moja ya Tegeta tuliyooneshwa kipindi cha jua kali, vyumba vinne, uzio mzuri, bei ya kuvutia. Rangi ya kuta za nje ilikuwa mpya, lakini mpya kuanzia chini hadi usawa wa goti tu, na juu yake ilikuwa ileile ya zamani, iliyopauka kidogo. Ndani, soketi za umeme hazikuwa chini karibu na sakafu kama ilivyozoeleka. Zilikuwa usawa wa kiuno, kila chumba, na chini yake plasta ilionesha mahali zilipong'olewa na kuzibwa. Friji jikoni ilikuwa juu ya tofali. Dalali alisema mwenye nyumba alipenda hivyo. Nilitoka nje nikaenda genge la jirani kununua nyanya, nikamuuliza mama wa pale wanapitaje masika. Akanijibu, "Dada, hapa masika viatu tunashika mkononi." Hatukurudi.

Mama wa genge, kijana wa bodaboda na mlinzi wa nyumba ya jirani hawana asilimia yoyote katika mauzo, kwa hiyo maneno yao yana uzito. Bodaboda muulize ni sehemu gani hukataa kushuka mvua ikinyesha. Mlinzi muulize usiku kuna kelele gani, kwa maana baa, gereji na vipaza sauti havisikiki saa nne asubuhi, muda ambao dalali hupenda kukupeleka. Rudi Jumamosi usiku.

Maji ya mvua yana upande wa sheria pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka kingo za mito, fukwe za bahari na maziwa, na nyumba iliyo ndani ya eneo hilo inaweza kuwekewa alama nyekundu ya X, ya kubomolewa, hata kama mwenyewe amekaa humo miaka 20 akilipia umeme. Waliokuwa wakiishi Bonde la Msimbazi wanalijua hili vizuri: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, baadhi ya waathirika wakapelekwa Mabwepande, na bomoabomoa zikafuata miaka iliyokuja. Vijito vinavyoingiza maji Msimbazi vinapita katikati ya mitaa ya Tabata, Segerea na Kinyerezi, mahali ambapo watu hawafikirii kabisa kwamba wako kando ya mto kwa sababu kiangazi wanaona mtaro mkavu wenye mchanga.

Hifadhi ya barabara nayo isikupite. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa sababu zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, ambayo sehemu ile ilikuwa takriban mita 121 kila upande, mbali sana kuliko mtu wa kawaida angedhania akiwa amesimama kando ya lami. Na kuna mipango mikubwa kuliko hiyo ya barabara. Mradi wa mji mpya wa Kigamboni ulipotangazwa mwaka 2008, wakazi walikaa muda mrefu wakiwa hawawezi kuendeleza maeneo yao, wala hawajui watalipwa lini. Kwa hiyo ofisi ya mipango miji ya manispaa ni mahali pa kwenda mapema, ukiwa na namba ya kiwanja na kitalu, uoneshwe mchoro wa eneo: kiwanja hicho kimepangwa kiwe makazi, au ni eneo la wazi, shule au barabara ambayo haijachongwa bado?

Huduma zinakaguliwa kwa mikono, si kwa kuuliza. Fungua bomba. Uliza maji ya DAWASA hutoka siku gani, kisha umwulize jirani swali hilohilo. Kama kuna kisima, nawa kwa sabuni: maji ya chumvi hayatoi povu, na kichwa cha bomba la mvua huwa kimejaa ukoko mweupe. Washa taa na feni saa mbili usiku, wakati mtaa mzima umewasha, uone kama umeme unapungua nguvu. Mita ya LUKU iangaliwe ina deni gani, kwa kuwa tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa humo, na malimbikizo humfuata anayenunua umeme, siyo aliyehama. Halafu kuna jambo ambalo halitajwi kwenye matangazo ya nyumba: sehemu kubwa ya jiji haijaunganishwa na mfumo wa majitaka, hivyo ipo siku utaita gari la kunyonya shimo. Pima kama gari hilo linaweza kufika. Kichochoro kinachopitisha bajaji kwa shida hakitapitisha lori la majitaka, wala gari la zimamoto.

Nikifika kwenye hati nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo fedha za familia huangamia. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na unachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda na masharti yaliyoandikwa. Muda huo unaweza kuwa miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo soma tarehe ya kuanza: hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1995 inakwisha 2028, na muuzaji hatakukumbusha. Soma na masharti ya matumizi.

Nakala ya hati uliyooneshwa kwenye simu ya dalali si ushahidi wa kitu chochote. Omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ambao utakuonesha jina la mmiliki aliyesajiliwa na kama kuna rehani ya benki au zuio lililowekwa na mtu mwingine. Ufanye mara ya kwanza kabla ya kujadili bei, na uurudie siku chache kabla ya kulipa, kwa sababu majibu ya upekuzi ni hali ya daftari ya siku ile tu. Ukikuta rehani, si lazima ukimbie. Wauzaji wengi wanauza hasa kwa sababu wanadaiwa. Lililo muhimu ni kwamba fedha yako ilipwe moja kwa moja benki, kwa makubaliano ya maandishi ya pande tatu, na benki iiondoe rehani, badala ya wewe kumkabidhi muuzaji fedha ukitumaini kwamba atakwenda kulipa.

Kisha uliza habari za ndoa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza, kugawa au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja tu. Mikataba mingi huambatanishwa na karatasi ya ridhaa yenye saini, na saini ni kitu rahisi kupatikana. Mimi husisitiza kumuona mwenza huyo uso kwa uso, nyumbani, bila dalali, na kuzungumza naye kwa utulivu kama watu wanaotaka kuachiana kitu cha thamani. Muuzaji akikuambia hana mke, akaapa na kiapo mbele ya wakili, bado waulize majirani. Mtaani watu hujua nani anaishi na nani, na kama yuko mama mwingine Morogoro anayekuja kila likizo na watoto.

Nyumba ya mirathi inahitaji uvumilivu zaidi. Mtu hauzi nyumba ya marehemu kwa sababu ni mtoto mkubwa; anauza kwa sababu mahakama imemteua kuwa msimamizi wa mirathi. Kama uteuzi ulifanyika mahakama ya mwanzo, ana Fomu Namba IV. Iangalie, kisha uifuatilie mahakamani ilikotoka. Omba muhtasari wa kikao cha familia na majina ya warithi wote, uwapigie wale wa mbali, na ikiwezekana mtembelee shangazi mkubwa wa ukoo huo. Kesi za kupinga mauzo huanza na mtu mmoja ambaye hakushirikishwa, na mara nyingi ni yule aliyeolewa mkoani, ambaye kaka zake walidhani hahusiki.

Eneo ambalo halijapimwa lina uchunguzi wake. Hapo mkataba wa mauziano hushuhudiwa na serikali ya mtaa, na mipaka inategemea kumbukumbu za majirani. Waite majirani wote wanaopakana na nyumba wasimame mipakani mkiwa na mpimaji mliyemlipa ninyi, kisha wasaini. Katika mitaa mingi imezoeleka ofisi ya serikali ya mtaa kuomba asilimia 10 ya bei kwa kushuhudia. Jua hilo mapema, ulizia msingi wake, na udai risiti kwa chochote utakacholipa. Kwa nyumba yenye hati, mkataba husimamiwa na wakili na uhamisho hufanyika kwa Msajili, kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa ni mtu wa kukupa habari tu, ingawa habari zake zina faida kubwa.

Ukishapita huko, ndipo umpeleke fundi. Awe fundi wako, si wa dalali. Ufa mwembamba wa plasta juu ya dirisha hautishi. Ufa unaopanda kwa vipandevipande kama ngazi, ukifuata maungio ya tofali, unasema kwamba msingi umeshuka, na kwenye udongo wa mfinyanzi hali hiyo haitengemai kwa kupakwa rangi. Karibu na bahari, gusa sehemu ya chini ya kuta: zikitoa unga mweupe na plasta ikidondoka, ukuta umeingia chumvi. Apande darini akaangalie kenchi kama zina mchwa. Nasi wanawake tusiachie ukaguzi wa jiko na uani kwa watu wasiopika, kwa maana nimeona nyumba ya kifahari isiyo na mahali pa kuanika nguo za watu sita. Madirisha yaelekee upepo wa kusi na kaskazi bila kuzibwa na ukuta wa jirani, la sivyo bili ya kiyoyozi itakuwa sehemu ya gharama za nyumba. Kwetu, choo cha chini kisicho na ngazi kilikuwa sharti lisilo na mjadala, na kilituondolea nyumba nyingi ambazo kwa macho tulizipenda.

Bei unayotajiwa, kwa kawaida, ni ile muuzaji anayotaka iingie mkononi mwake. Juu yake kuna ushuru wa stempu wa takriban asilimia 1, ada za usajili, wakili, mthamini, na kodi ya faida ya mauzo ambayo kisheria ni ya muuzaji lakini isipolipwa uhamisho wako haukamiliki. Ni nani anayelipa nini, na nani anamlipa dalali, viandikwe kwenye mkataba kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mkataba wa mauzo ya ardhi uwe wa maandishi. Nazo fedha, zipitishe benki. Dalali atakuambia, "Bosi, kuna mteja mwingine anakuja kesho na hela yake." Mwache aje. Sehemu ya fedha, kiasi mtakachokubaliana, ibaki hadi nyumba ikabidhiwe ikiwa tupu, kwa maana wapo wauzaji waliokwisha kuchukua kodi ya wapangaji ya miezi sita mbele bila kusema.

Mwisho ni majina. Mume na mke wanaonunua pamoja waandikishwe wote wawili, na wamwambie wakili ni kwa namna gani. Katika umiliki wa pamoja, mmoja akifariki sehemu yake humwendea aliyebaki. Katika umiliki wa hisa, sehemu yake huingia kwenye mirathi yake. Kwa familia yenye watoto wa ndoa tofauti, tofauti hiyo ni kubwa, na ni vyema izungumzwe sebuleni kabla ya kufika kwa wakili. Hati ikishatoka kwa majina mapya, kodi ya pango la ardhi na akaunti ya maji zihamishwe wiki hiyohiyo, na vitasa vya milango yote vibadilishwe siku ile ya kukabidhiwa funguo.